Hapana Fungua

Mimi Mayasa si mtu wa kuamini upesi, wala sioni haya kulisema. Nina miaka tisa hapa Johannesburg na kila nilipoamini upesi nililia. Nilimwamini dalali wa vyumba, nikalala siku nne sakafuni kwa watu. Nilimwamini mwanamume mmoja wa Berea, na huyo tumwache huko huko aliko. Kwa hiyo nikikuhadithia habari za Pascasie, ujue anayekuhadithia ni mtu ambaye jicho lake halitulii. Mwenyewe utaona jicho hilo limenifikisha wapi.

Pascasie ni Mrundi wa Rumonge. Mrefu, mpole wa sauti, hacheki ovyo, na akishona kwa mkono hukunja mguu mmoja chini yake pale kitini. Vita vilimtoa kwao, akakaa kambini Kigoma miaka sita, na huko ndiko alikofundishwa sindano na sista mmoja mkali wa kanisa. Baadaye wakashuka nchi kwa nchi kuja huku. Mume wake alibadili mawazo njiani akarudi, yeye akafika peke yake na watoto wawili. Haya hayasimulii. Niliyapata kidogo kidogo kwa miaka mitatu tuliyokaa meza kwa meza, na mengine nilimchokonoa.

Karakana yetu iko Jeppestown, ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa kiwanda cha viatu. Mafundi tuko wanane, wengi Wakongo, na mwenye mahali ni Papa Ruphin wa Lubumbashi, anayepanga sakafu nzima na kutupangisha sisi meza. Papa Ruphin ana sheria moja tu, ameibandika ukutani kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili chake: nguo ya mteja ikipotea, fundi anashuka. Kushuka maana yake unabeba cherehani yako ngazi zote zile na hurudi tena. Mwaka jana alishuka Pitchou kwa sababu ya kitambaa cha suti. Sasa Pitchou anakaa kando ya stendi ya teksi mjini, anabadilisha zipu, mvua yake, jua lake, na hakuna karakana mtaani inayompokea. Huku mteja anakuachia kitambaa bila karatasi yoyote, anachoamini ni jina lako. Jina likichafuka huna kazi.

Na Pascasie hakuwa na pa kushukia. Karatasi zake ni za ukimbizi, za kupangia foleni kila zinapokwisha muda, na watoto wake wako shule. Meza ile ndiyo iliyokuwa inawalisha.

Tulikuwa tunapatana, nisije nikaonekana mbaya tangu mwanzo. Ijumaa nikienda kusali namwambia, "Pascasie, niangalizie." Naye akienda kliniki au kanisani ananiambia vile vile, "Dada Mayasa, niangalizie." Basi, mtu anaondoka, vitu vyake vyote viko mezani. Chai tunakunywa pamoja, vitumbua vyangu, maharage yake.

Lakini alikuwa na kopo. Kopo kubwa la maziwa ya unga, analiweka chini ya meza, mfuniko ameubana kwa mpira. Kila anapokuwa na kazi utamwona anainama, anatia kitu kwenye kifuko cha nailoni, anakitumbukiza humo, anafunga. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Unaficha nini humo?"

"Mabaki."

"Mabaki ya nini?"

"Ya watu," akasema, akaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Sasa nikuulize wewe. Mtu anaweka mabaki ya watu kwenye kopo, anabana kwa mpira, ungelala? Kwetu Tanga mtu akikujibu hivyo unahama nyumba. Tangu siku hiyo vipande vyangu vya nguo nikawa navipeleka mwenyewe kwenye pipa la chini.

Bi Jamna alikuja mwezi wa tisa. Niliyempata ni mimi, tafadhali liweke hilo akilini. Nilikuwa kwenye foleni ya duka moja la jumla mjini, nagombana kwa simu na dada yangu, na mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa mbele yangu akageuka, macho yamemtoka.

"Wewe natoka Tanga?"

Kumbe na yeye kazaliwa Tanga. Baba yake alikuwa na duka la vyombo Ngamiani, na wazee wao ni watu wa Kachi, upande ule wa India wenye jangwa. Ameolewa huku miaka thelathini, anakaa Lenasia, mtaa wa Wahindi nje kidogo ya jiji, na Kiswahili chake hakijasogea hata hatua: ni kile kile cha dukani nilichokulia nacho, cha "wewe nataka nini" na "sukari hapana iko". Tulicheka mpaka mwenye duka akatukaripia. Nikampa anwani ya karakana. Mteja wangu, mtu wa kwetu.

Akaja na mifuko miwili. Wa kwanza ulikuwa na sketi nyeusi ya marinda, pana ajabu, imetariziwa vioo vidogo vya duara kuanzia kiunoni hadi chini, kila kimoja kimezungushiwa nyuzi za rangi. Vingine vilikuwa vimeng'oka. Sketi hiyo huvaliwa Navaratri, akasema, sikukuu yao ya siku tisa ya kumheshimu mungu wao wa kike, ambapo wanawake huzunguka taa wakicheza na kupiga makofi, na vioo vinamulika kila wanapogeuka. Pascasie akauliza kwa nini vioo vyote hivyo na rangi zote hizo.

"Kwetu iko mchanga na chumvi tu," Bi Jamna akamjibu. "Nyeupe, nyeupe, mpaka macho nauma. Rangi yote iko kwa nguo."

Mimi nilikuwa nimeshaitandaza ile sketi kwenye meza yangu. Lakini Bi Jamna alikuwa anatazama meza ya pili, matundu ya vifungo ambayo Pascasie alikuwa anayashona kwa mkono. Akayapapasa kwa kidole, akageuza kuona upande wa nyuma ukoje. "Hii mama ndiyo nafanya kazi yangu," akasema. Ni kweli kwamba mimi nashona sare za shule kwa mashine na sina mkono wa kushona kioo. Lakini iliniuma, siwezi kusema haikuniuma.

Mfuko wa pili ndio ulioleta maneno. Humo alitoa kitu kidogo kilichojikunja, chekundu cha kuiva, kimejaa vifundo. Vifundo maelfu, vidogo kama punje za mtama, kila kimoja kimezongwa uzi. Huo ni mtandio, akasema, na kazi yake ni kutiwa utepe wa dhahabu kwenye ncha mbili, pale pasipo na vifundo. Pascasie akauliza jambo juu ya vifundo vile. Simu ya Bi Jamna ilikuwa inalia, gari lake lilikuwa limesimama vibaya pale kwenye roboti, taa za barabarani, na cherehani yangu ilikuwa inanguruma, lakini jibu nililisikia vizuri kabisa: alimkataza kuvifungua.

Nikamsindikiza Bi Jamna mpaka chini, na pale kwenye ngazi ndipo aliponieleza. Huko Kachi mtandio wa namna hii huuzwa na vifundo vyake. Mwanamke anachukua kitambaa cheupe, anainua kichembe kwa ukucha, anakizonga uzi, anakwenda kwenye cha pili bila kukata, mwezi baada ya mwezi, ndipo kitambaa kinapochovywa kwenye rangi. Ukikivuta, vifundo vinafumuka na kila kimoja kinaacha doa jeupe. Siku hizi madoa yanapigwa chapa kwa mashine, ndiyo maana mwenye kujua hanunui kilichokwisha kufunguliwa. Vifundo ndio ushahidi. Na huu ulifungwa na mama yake mwenyewe, aliyerudi Kachi baada ya mumewe kufa. Macho yake yanakwisha, na ameshasema hatafunga mwingine. Utafunguliwa na Komal, binti yake Bi Jamna, siku ya kwanza ya Navaratri, mbele ya wanawake wote wa ukoo.

"Mama yangu nafunga miezi nane," akasema. "Komal nafungua dakika moja."

Nilipopanda juu, Pascasie akaniuliza yule mama alikuwa anasema nini muda wote ule.

"Mambo ya Tanga," nikamwambia.

Ndivyo nilivyomjibu. Mteja kamchukua yeye, na hadithi nimpe mimi?

Siku ya tatu yake nikamwona. Ilikuwa saa ya chakula, wenzetu wameshuka kwenye spaza, kiduka cha mtaani, nami nikarudi mapema kwa sababu nilisahau simu. Pazia la pale wateja wanapojaribishia nguo lilikuwa limefungwa, na nyuma yake nikasikia sauti ndogo ndogo, kama mahindi yanayoanza kupasuka kwenye sufuria. Nikachungulia. Pascasie amesimama na mtandio, anauvuta kwa mikono miwili, vifundo vinafumuka, nyuzi zinamwangukia miguuni. Kila baada ya kitambo anainama, anaziokota zote, anazitia kwenye kifuko. Nikarudi kinyumenyume, nikashuka ngazi, nikanunua soda nisiyokuwa na kiu nayo. Huyu kaambiwa asifungue, anafungua, tena mafichoni, wakati watu wote wako chini. Nilipopanda tena, pazia lilikuwa wazi na yeye yuko mezani anashona kioo, uso mkavu. Kopo lilikuwa limesogezwa ndani zaidi, karibu na ukuta.

Ijumaa aliniambia hawezi kuniangalizia, ana safari ya mjini. Safari gani, hakusema. Nikitoka msikitini nikapita kwenye yale maduka ya jumla ya vitambaa, na nani namwona? Yeye, mkoba begani, amesimama mbele ya rundo la mitandio myekundu yenye madoa meupe. Ile ya chapa, ya bei ya kutupa, inakuja kwa majora. Alishika mmoja, akaupapasa, akaugeuza nyuma, akaunyoosha. Nikajificha nyuma ya mablanketi, mtu mzima mimi. Alipotoka alikuwa na kifurushi kidogo, na kilichokuwamo sikukiona. Lakini hesabu ilikuwa imeshakamilika kichwani mwangu.

Jumatatu nikakuta mtandio mezani kwake. Umenyooka kama shuka, umepigwa pasi mpaka unang'aa, utepe wa dhahabu kwenye ncha zote mbili. Hakuna kifundo, hakuna hata mkunjo. Nikaugusa alipokwenda kuchota maji. Ulikuwa laini na bapa, sawasawa na ile ya dukani. Nikasema basi, ule wa mama wa watu umeshauzwa, na huyu mjinga anadhani Mhindi wa Kachi hatajua.

Ningeweza kumuuliza. Kinywa ninacho, na hakijawahi kunishinda. Lakini mtu ukishamshuku humuulizi tena, unamwangalia tu. Nilikunywa naye chai siku mbili nzima namwangalia.

Bi Jamna akaja Jumatano asubuhi. Kwanza alitazama sketi, akaizungusha dirishani ili jua lipige, madoa ya mwanga yakatembea kwenye kuta na kwenye nyuso zetu, akafurahi, akamwita Pascasie binti yangu. Kisha Pascasie akamkabidhi mtandio.

Aliushika, akauachia ukaanguka mezani. Hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa.

"Nguo yangu iko wapi?"

"Ndiyo hii, mama," Pascasie akasema.

"Hapana. Hii ya duka. Ya mama yangu iko wapi?"

"Ni hii. Nimefungua vile ulisema, halafu nikapiga pasi."

"Mimi hapana sema fungua. Mimi nasema hapana fungua."

"Ndiyo, mama. Ndivyo ulisema."

Wakatazamana, kila mmoja akidhani mwenzake ana wazimu. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Papa Ruphin akatoka kwenye kijiofisi chake na kikombe mkononi, akasikiliza pande zote mbili, akauangalia mtandio, akauliza: "Siku ile nani alikuwa hapa?"

Nikasimama. Hakuna aliyenilazimisha.

"Mimi nilikuwepo. Mama alimkataza. Alimwambia usifungue, nimesikia kwa masikio yangu haya."

"Una hakika, Mama Mayasa?"

"Naapa."

Na kwa kuwa nilishasimama, nikayamwaga na mengine. Pazia nikalisema. Nikasema na saa ya chakula, na duka la mjini, na rundo la mitandio, na kifurushi. "Na kopo lake," nikasema, "mwulizeni ameficha nini humo." Nilisema kwa sauti ya juu, na wakati ule nilidhani ni kwa ajili ya haki. Pascasie hakumtazama Papa Ruphin wala Bi Jamna. Alikuwa ananitazama mimi. Nikatazama ukutani, pale kwenye ile karatasi ya sheria.

"Mama Pascasie," Papa Ruphin akasema, naye hakuwa na raha, "sheria unaijua." Akaweka kikombe chini, akainama, akachomoa waya wa cherehani ya Pascasie ukutani, akaanza kuuzungushia mkononi.

"Ngoja kwanza, Papa," Pascasie akasema. "Nimpe mteja mabaki yake."

Akavuta kopo. Akatoa mpira, akapekua, akatoa kifuko kimoja chenye kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, *mama wa vioo*. Akakimimina mezani mbele ya Bi Jamna. Zilikuwa nyuzi. Lundo la nyuzi ndefu zilizojisokota, nyekundu upande mmoja na nyeupe pale zilipokuwa zimebana kitambaa, na kila baada ya kipande kidogo uzi umebaki na umbo la kifundo chake. Kando yake kulikuwa na vioo vitatu vilivyovunjika na vipande vya uzi mweusi vya sketi.

"Kambini sista alitoa uzi kwa kipimo," Pascasie akasema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku. "Ukitaka mwingine, unarudisha mabaki. Mara moja yangu hayakutosha, upepo ulikuwa umeyachukua, nikaitwa mwizi mbele ya wanawake wote. Tangu siku ile kazi ya mtu naweka mabaki yake mpaka mwenyewe achukue nguo. Ni vitu vya watu."

Bi Jamna alikuwa ameshachukua uzi mmoja. Aliusogeza karibu na macho, akaupitisha katikati ya vidole, polepole, kifundo kwa kifundo. Halafu akaanza kulia, bila sauti, machozi yanamshuka tu.

"Mama yangu nafunga na mkono ya kushoto," akasema. "Dada zake nacheka yeye. Ona, uzi nazunguka huku. Watu yote nazunguka kule."

Akauvuta mtandio, akatuonyesha katikati ya doa moja jeupe. Palikuwa na alama ndogo nyekundu, ncha ya sindano, pale ukucha ulipoinua kitambaa na rangi ikapenya. Kila doa lilikuwa nayo, na hakuna mawili yaliyolingana. Mashine haifanyi hivyo. Nilikuwa nimeugusa mtandio ule kwa mkono wangu siku mbili kabla na sikuliona hilo, kwa sababu sikuwa nautazama mtandio.

"Basi kwa nini nafungua?" Bi Jamna akauliza.

"Nilikuuliza, mama, niviache hivi hivi? Ukanijibu: hapana, fungua."

"Ndiyo. Hapana fungua."

Papa Ruphin akawatazama wote wawili. Akarudia yale maneno taratibu, mara ya kwanza kwa mpigo mmoja, mara ya pili akapumzika katikati. Kisha akauangalia waya aliokuwa ameushika. "Eish. Kweli, hata mimi ningefungua." Wakongo wote wakakubali, kila mmoja angefungua. Pascasie akaeleza na yaliyobaki. Nyuma ya pazia ndipo penye nafasi ya kuvuta kitambaa kirefu bila kugusa mafuta ya mashine. Mjini alifuata utepe, akaona mitandio ya huko yote imenyooka, akasema basi na mama atataka wake unyooke. Ndipo akaupiga pasi.

Papa Ruphin akanigeukia. "Mama Mayasa. Wewe uliapa ulisikia 'usifungue'."

Neno usifungue halikusemwa na mtu yeyote. Nilisikia maneno mawili, yale yale aliyoyasikia Pascasie. Lakini mimi nimekulia nayo. Wahindi wa kwetu wote ndivyo wanavyokataza, hapana gusa, hapana kaa, hapana fungua, na mtoto yeyote wa Ngamiani anajua maana yake. Nikayageuza kichwani bila hata kujua nimeyageuza, nikaapa kwa yale ya kichwani. Mtu wa Rumonge angejulia wapi? Katika sakafu ile nzima palikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeweza kumwambia Pascasie ngoja, hivyo ndivyo wanavyosema usifungue. Mtu huyo alisimama nje ya pazia, vifundo vinafumuka, akaenda kununua soda.

"Nilidhani..." nikaanza.

"Ulidhani nini, dada Mayasa?" Pascasie akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa anataka kujua kweli. Papa Ruphin akachomeka waya ukutani, mafundi wakarudi kwenye kazi zao, na Pascasie akabaki amesimama ananisubiri nijibu mpaka Bi Jamna alipomwita.

Kilichofunguliwa hakikuweza kurudi, na Bi Jamna aliumia kwa hilo, hakulificha. Lakini alivua miwani, akaifuta, akamwonyesha Pascasie jinsi ya kuinua kichembe kwa ukucha na kukizonga. Pascasie akalowesha kona moja ya mtandio, ya ukubwa wa kiganja, akakaa siku mbili anafunga upya doa kwa doa, ili Komal awe na cha kuvuta mbele ya wanawake. Bibi wa Kachi aliambiwa kwa simu. Bi Jamna anasema aliuliza huyo Mrundi anafunga kwa mkono gani. Navaratri ilipoanza ikaja video kwenye WhatsApp: Komal kwenye ukumbi huko Lenasia, sketi inamulika, anavuta kona yake na wanawake wanashangilia. Ilitumwa kwa Pascasie. Niliiona nyuma ya bega la Papa Ruphin alipokuwa anaonyeshwa.

Siku hizi wateja wa Lenasia wanapanda ngazi zetu kila wiki, na wanamuulizia yeye. Nilimwomba radhi, si mara moja tu. Nilimpikia pilau nikapeleka mpaka kwake, watoto wakala. Alisema yamekwisha, na namwamini, Pascasie si mtu wa kuweka fundo moyoni. Chai tunakunywa. Vitumbua anakula. Ijumaa iliyopita nilimwambia, Pascasie, niangalizie, akasema haya, na niliporudi kila kitu kilikuwa pale pale nilipokiacha, hata sindano.

Jumatatu ikawa zamu yake kwenda kupanga foleni ya karatasi zake. Alikusanya kazi za wateja, mkasi na lile kopo, akaviweka kwenye kitambaa kikubwa, akakutanisha ncha. Kisha akakaa. Akainua kichembe cha kitambaa kwa ukucha, akakizonga uzi mwekundu, akaenda kwenye cha pili bila kukata, mstari mzima wa vifundo kuzunguka mdomo wa furushi. Ukivifungua vile huwezi kuvirudisha vilivyokuwa, mwenyewe atajua. Mafundi wengine wanadhani ni urembo aliojifunza kwa Bi Jamna, na mmoja ameomba afundishwe.

Alipomaliza akavaa koti, akanipungia mkono, akashuka. Hakusema niangalizie. Nilikaa na furushi lile siku nzima, hatua moja kutoka mezani kwangu, na sikuligusa.